Malori ya Vita katika Nchi ya Iringa na Mbeya

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kuu pale Makambako, ataona magari mengi yakipita, mengine yashuka Dar es Salaam, mengine yapanda kwenda Mbeya na Tunduma, hata Zambia na Kongo. Pengine katikati ya magari hayo mapya hupita lori moja la zamani, magurudumu yake marefu, pua yake butu, rangi yake ya kijani imebabuka kwa jua na mvua. Limebeba magogo ya Mufindi au viazi vya Njombe, nalo lapanda kilima polepole likitoa moshi mweusi. Lori hilo halikuundwa kwa ajili ya viazi. Liliundwa kubeba askari na risasi, na jeshi lilipokwisha kazi nalo likauzwa, likapita mikono mingi, hata likafika kwetu.

Katika makala hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za magari ya namna hiyo: watu wetu waliyajuaje, yafanya kazi kwa nguvu gani, na mambo gani huyasimamisha njiani. Tena tutaungama kosa letu wenyewe, maana tulijifunza habari hizi kwa hasara, na hasara iliyofichwa haimfundishi mtu.

Wazee wa wazee wetu waliona vita ikichukuliwa vichwani. Mwaka 1916 jeshi la Jemadari Northey liliingia kutoka kusini, likatwaa Tukuyu, ambayo Wadachi waliiita Neu Langenburg, likafika Iringa mwishoni mwa Agosti. Magari ya moto yalikuwapo katika vita ile, lakini mvua kubwa za mwanzo wa mwaka 1917 ziliyazamisha katika matope, na mizigo ikarudi vichwani pa wapagazi. Hesabu za Serikali ya Kiingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtu alichekaye lori bovu na akumbuke ya kuwa lilikuja kuondoa mzigo juu ya shingo ya mwanadamu.

Baada ya vita ile barabara zilianza kulimwa. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilivuta watu na magari. Hata mwaka 1940, vita ya pili ilipokwisha kuanza, misafara ya magari ya jeshi la Afrika ya Kusini ilitoka Broken Hill, mji uitwao leo Kabwe, ikapita nchi yetu kwenda Nairobi. Vijana wa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisafwa walioingia Keya hawakufunzwa bunduki peke yake. Wengine walifunzwa kuendesha na kutengeneza malori, wakaenda nayo Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Walirudi nyumbani na kitu kisichoweza kunyang'anywa, yaani maarifa ya mikono.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na vyombo vingi vya vita visivyo na kazi. Wasomaji wamepata kusikia habari za mashamba ya karanga ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, yaliyoanza mwaka 1947. Huko yaliletwa matrekta yaliyonunuliwa katika maghala ya majeshi, hata vifaru vya namna ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa miti. Mengi yaliharibika upesi. Ardhi ilikuwa ngumu, spea zilikuwa chache, na mafundi hawakutosha. Kazi ile iliachwa mwaka 1951, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Hapo ndipo tuonapo fundisho la kwanza la historia yetu: chombo cha vita kilichonunuliwa kwa bei rahisi si rahisi, kama hapana fundi wala spea. Serikali nayo ilitambua haja ya mafundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ya Ifunda, katika nchi ya Iringa, ilianza kufunza vijana kazi za mikono, na kazi ya magari ilikuwamo.

Sasa yatupasa kueleza dizeli ni nini, maana malori mengi ya vita ile ya pili yalikwenda kwa petroli, bali malori ya jeshi ya zamani tuyaonayo leo ni ya dizeli. Aliyebuni injini hii ni Mdachi, jina lake Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ilifanya kazi vema mara ya kwanza huko Augsburg mwaka 1897. Mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913, akisafiri kwa meli kwenda Uingereza, wala hakuona malori ya dizeli yakijaa barabarani.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu mpaka ikawa moto sana, kupita digrii 500, ndipo mafuta yanyunyizwapo kwa nozeli, yakawaka yenyewe. Kila mtu aliyejaza upepo katika baiskeli amepata kuona jambo hili, maana pampu huwa ya moto mkononi. Basi, dizeli yataka vitu vitatu tu: hewa safi ya kutosha, mbano wenye nguvu, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Fundi ayashikaye mambo hayo matatu moyoni ameshika ufunguo. Asiyeyashika hufungua kila nati aionayo.

Maarifa hayo yalienea kwetu hasa kwa ajili ya shida ya jirani. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru katika Rhodesia ya Kusini, na muda si muda mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipita huko yalikatika. Ikawa lazima yapelekwe kutoka Dar es Salaam kwa barabara yetu, yakiwa katika mapipa. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya udongo sehemu kubwa, ikawa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Magari mengi yalianguka, watu wengi walikufa, hata Waingereza wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya magari ya Zambia na Tanzania, nayo ilitumia malori makubwa ya Fiat kutoka Italia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la kwenda Ndola lilianza kazi, urefu wake kilomita 1,710. Barabara ya lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Katika miaka ile kila kituo cha njiani, kama Ruaha Mbuyuni, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole, kilikuwa darasa. Kijana aliingia kazini akiwa utingo, kazi yake kuweka jiwe nyuma ya gurudumu na kushika taa usiku fundi afunguapo injini. Baada ya miaka michache alikuwa fundi mwenyewe. Hakuwa na cheti, bali masikio yake yalijua sauti ya kila chuma. Ilipokuja vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, malori mengi ya raia yalichukuliwa kupeleka jeshi, na baada yake zikaja siku za uhaba wa mafuta na spea. Siku zile fundi alithaminiwa kama mganga.

Majeshi ya Ulaya nayo yalikuwa yakibadili magari yao. Jeshi la Uingereza lilitumia malori ya Bedford yaliyoitwa MK tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na baadaye MJ, yenye injini ya silinda sita na nguvu katika magurudumu yote manne. Yalipozeeka yaliuzwa kwa mnada, yakatawanyika katika nchi nyingi. Lakini kiwanda cha Dunstable kilichoyaunda kiliuzwa mwaka 1987, na kampuni iliyokinunua ilianguka mwaka 1992. Kwa hiyo mwenye lori la namna hiyo ana mnyama mwenye nguvu, ambaye mama yake amekwisha kufa. Lazima amtunze kwa akili.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Miaka michache iliyopita jamaa ishirini wa kijiji chetu walichanga fedha wakanunua lori moja la zamani la jeshi, wapate kupeleka viazi Uyole. Sisi tulifanywa katibu, kwa kuwa twajua kuandika. Mwaka wa kwanza lilifanya kazi vema. Mwaka wa pili, kabla ya mavuno, tuliona aibu kwa kuchakaa kwake, tukaagiza lipakwe rangi mpya na kuandikwa jina la kijiji. Wiki ile ile likaanza ugonjwa. Lilikwenda muda wa saa moja, kisha likalegea, likazimika. Likikaa nusu saa liliwaka tena, likaenda kidogo, likazimika.

Alikuwapo kijana mmoja aliyejiita fundi, akasema pampu ya dizeli imekufa, ifunguliwe. Wanawake wawili wa chama wakasema, "Mwalimu, tumngoje yule mzee wa Chimala, aliyefanya kazi katika malori ya Zambia." Tukawajibu ya kuwa mzee yule ni mtu wa zamani. Tukaandika idhini kwa mkono wetu. Pampu ikafunguliwa kando ya njia, juu ya gunia, upepo ukivuma. Wasomaji na wajue ya kuwa ndani ya pampu ile vyuma hupakana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, na chembe moja ya vumbi yatosha kuviharibu. Ikarudishwa, lori lisiwake kabisa. Pampu nyingine ikatafutwa Dar es Salaam. Ng'ombe wanne wakauzwa. Viazi vikaoza vibandani siku zile za kungoja, na watoto watatu wa jamaa wale wakakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa sare na mahitaji ya shule. Mmoja alikuwa mwanafunzi wetu mwenyewe. Hata pampu mpya ilipofungwa, lori likaenda saa moja, likazimika kama kwanza.

Ndipo tulipokwenda kwa mzee, tukiwa tumeinamisha vichwa. Hakuleta spana. Alituuliza, "Mwalimu, ugonjwa huu ulianza lini? Na kabla ya siku hiyo mlilifanya nini gari?" Tukasema hatukulifanya neno, illa tulilipaka rangi. Akacheka kidogo, akapanda pamoja nasi. Lori lilipozimika, alikwenda kwenye tangi la mafuta, akafungua kifuniko polepole. Tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, kama mtu aliyezuiwa pumzi akaachiwa. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa, mafuta yanapopungua. Rangi yetu ilikuwa imeliziba. Mafuta hayakuweza kutoka, kama vile maji yasivyotoka vema katika kibuyu kilichozibwa tundu la juu. Gari likikaa, hewa iliingia kidogo kidogo penginepo, likawaka tena. Mzee akachukua sindano ya kushonea magunia, akazibua tundu. Lori halikuzimika tena kwa ugonjwa ule.

Tumeeleza habari hii kirefu kwa sababu ndani yake mna njia nzima ya kutafuta ubovu. Uliza kwanza ugonjwa ulianza lini, na ni jambo gani lililotangulia. Anza na kitu kidogo kisicho na gharama, ndipo uende kwenye kikubwa. Wala usifungue kitu usichoweza kukifunga.

Kwa njia hiyo hiyo yatazamwe magonjwa mengine. Lori likizimika ghafula, au likakataa kuwaka baada ya mafuta kwisha, aghalabu hewa imeingia katika mirija. Jaza tangi, legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha kaza. Fanya hivyo tena penye pampu kubwa, na mwisho penye nati za nozeli, mwenzako akizungusha injini kwa stata. Lakini mkono usikaribie nozeli inaponyunyiza, maana mafuta yale hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la kwenda hospitali upesi.

Maji nayo ni adui. Mafuta yaliyokaa katika pipa au katika tangi lisilojaa huchanganyika na maji, hasa kwetu, usiku ukiwa wa baridi na mchana wa jua. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hushuka chini. Alfajiri, kabla ya kuliwasha, fungua nati ya chini ya chujio, maji yatoke. Lori lililokaa miaka katika ghala la jeshi huwa na kutu ndani ya tangi, na kubadili chujio bila kuosha tangi ni kufagia nyumba mlango ukiwa wazi penye kimbunga.

Moshi ni ulimi wa injini. Ukiwa mweusi, mafuta yamezidi hewa: tazama chujio la hewa, hasa yale ya zamani yenye bakuli la oili, ambayo vumbi letu huyajaza matope. Tena tukumbuke ya kuwa Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo injini ya zamani hupungukiwa nguvu huku hata ikiwa nzima. Moshi mweupe wakati wa baridi ya Juni na Julai ni mafuta yasiyoungua, nao hukoma injini ipatapo moto, bali usipokoma, na maji ya rejeta yapungua, huenda gasketi imeungua. Moshi wa buluu ni oili, na mara nyingi ringi zimechakaa.

Injini ikichemka, isimamishe, ungoje. Usifungue rejeta ya moto, wala usimimine maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka. Wako mafundi wanaotupa kile chombo kizuiacho maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Katika milima yetu ya baridi desturi hiyo huidhoofisha injini, kwa kuwa haipati joto lake.

Kwa habari ya umeme, malori mengi ya jeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Watu huchomoa umeme wa taa au redio katika betri moja tu, na betri ile hufa kabla ya mwenzake, ndipo yote mawili huonekana mabovu. Na kabla ya kuilaumu stata, safisha vichwa vya betri na ule waya ufungwao katika chasisi. Kutu kidogo hapo yatosha kulinyamazisha lori.

La mwisho ni breki, nalo ni kubwa kuliko yote, maana injini ikifa gari husimama, bali breki zikifa ni watu wafao. Kila msomaji ajua mteremko wa Kitonga na ule wa Mbalizi, na misiba iliyotokea huko. Breki za upepo zataka matangi yake yatolewe maji kila siku, na dereva asiondoke mpaka saa ionyeshe upepo umejaa. Kwenye mteremko ashuke kwa gia ile ambayo angepandia. Dereva azimaye injini, au aiachaye gia huru apate kuokoa mafuta ya shilingi chache, huinyima breki msaada wa injini, na injini iliyozimwa haijazi upepo. Kama juu ya magunia wamekaa akina mama waendao sokoni, ameweka roho zao katika mizani na lita moja ya dizeli. Tena sheria hairuhusu watu kukaa juu ya mizigo, nasi wazee wa vijiji tusiwe wa kwanza kuwapandisha.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwa ng'ombe wanne, kwa sababu hatukutaka kumwuliza mtu mwenye mikono yenye oili. Shule hutufunza kusoma na kuandika, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini haitupi ruhusa ya kudharau elimu isiyoandikwa. Wale waliojifunza Burma, na wale waliojifunza katika vumbi la njia ya Zambia, wengi wamekwisha kwenda kaburini, na kila mmoja amekwenda na kitabu ambacho hakuna aliyekiandika. Waliobaki ni wazee sana. Mzee wa Chimala sasa huja shuleni petu kila Jumamosi, na vijana saba hukaa chini yake penye lori lile lile. Mmoja wao ni yule mwanafunzi aliyekosa muhula kwa idhini tuliyoiandika sisi. Juzi tulimsikia akimwuliza dereva aliyeleta gari lake bovu, "Baba, lilianza lini?" Tukashukuru moyoni, tukarudi darasani.